Tulivyongoja Maji Kilwa Kisiwani

Tangu turudi, wateja wangu wanakuja na vitambaa, wanakaa kwenye benchi, nikiwauliza wanataka mshono gani wanajibu, "Kwanza safari." Nimeshasimulia nusu nusu mara nyingi, pini ziko mdomoni, na kila aliyesikia nusu yake kaenda kuieneza kama nzima. Juzi nimeambiwa mbele ya uso wangu kwamba mama alizimia Kilwa na mume wangu alimsukuma nahodha baharini. Basi leo nimefunga cherehani, naandika yote mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu Bakari, fundi mwashi hapa Nachingwea, binti yetu Zawadi wa miaka tisa, na mama yangu mzazi, Bibi Esha wa Chinongwe. Mdogo wangu Rehema ni mwalimu Songo Mnara, kisiwa kilicho mbele ya Kilwa Kisiwani, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Tulikwenda kumwona mtoto. Tulimwona, mzima, ana nywele nyingi na sauti ya kuitia watu msibani. Nalisema hapa mapema ili msije mkanisumbua, maana habari yenyewe haifiki Songo Mnara. Inaishia Kisiwani.

Mtoto alikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni ilikuwa ya mama. Baba yangu alifia Kilwa Kisiwani, mwaka wa kumi na mbili sasa, na akazikwa huko huko. Alikwenda kuchoma chokaa na kukarabati kuta za magofu. Mwanzoni alirudi kila msimu wa korosho, baadaye akawa anaruka msimu mmoja, baadaye miwili. Mama hakuwahi kuliona kaburi lake. Sasa macho yanamwisha. Daktari alisema jicho la kushoto limekwenda na la kulia linafuata, na hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nipelekeni nikaone kwanza."

Nachingwea, Chinongwe, Nanganga

Nakala moja ya maandishi haya inakwenda kwa Rehema, na walimu wenzake wa pwani hawajui mambo yetu, kwa hiyo ninyi wa hapa nivumilieni kidogo. Kwetu Wamwera mkwe na mama mkwe ni heshima tupu. Bakari hamtazami mama usoni, hakai naye mkeka mmoja, hali mbele yake, wala hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno analipitisha kwangu au kwa mtoto, hata kama mama yuko hatua tatu na amelisikia mwenyewe. Vijana wengi wameacha. Mama hajaacha, na Bakari, Mmakua aliyelelewa na bibi yake, ni mkaidi wa adabu kumshinda mama.

Ndani ya heshima hiyo mama aliweka na kinyongo. Habari ya ugonjwa wa baba ilipotufikia tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa. Bakari alikuwa na pikipiki, akatumwa yeye. Alimkuta baba hai, akamzika, akarudi peke yake. Mama alijiuliza mambo mawili: ama mkwe alifanya haraka ya kuzika ili amalize kazi, ama baba mwenyewe alikataa kurudishwa kwao. Hakujua ni lipi, na yote mawili yalimchoma. Kumuuliza Bakari hakuweza, ni mkwe. Aliyepokea taarifa ni mjomba Athumani, msemaji wa ukoo wetu, na mjomba alimwambia mama maneno mawili tu, "Kazikwa vizuri." Mwaka haukuisha, mjomba naye akafa.

Mtasema, na wewe mke wake ulikuwa wapi? Nilimuuliza. Alinijibu, "Nilishamkabidhi mjomba." Nikadhani mama ameshaambiwa yote, naye mama akadhani mimi ndiye niliyeambiwa nikamficha. Ndivyo tulivyoishi.

Tulitoka Nachingwea asubuhi, tukampitia mama Chinongwe. Tulimkuta yuko tayari barabarani tangu hatujui saa ngapi, amefunga kwenye kitambaa mihogo ya kuchoma na korosho, kana kwamba Kilwa hakuna chakula. Nanganga ndipo tulipokwama. Basi la kwanza lilipita limejaa, la pili likapita halikusimama kabisa. Tulikaa pale mpaka mihogo ikaisha. La tatu lilisimama, likawa na viti vitatu: viwili vya pamoja mbele na kimoja nyuma kabisa.

"Baba akae na mama hapa mbele," konda alisema, "dada na mtoto nyuma, utampakata."

Bakari alirudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia konda haiwezekani.

"Haiwezekani nini? Viti si vipo?"

"Huyu ni mama mkwe wake."

Konda alitutazama. Kwa bahati alikuwa mtu wa Likunja, anajua mila zetu. "Kumbe ni hilo," alisema, akamwita abiria mmoja ahame. Hakuna aliyehama. Nikakaa na mama, Zawadi akapewa kiti cha nyuma, na Bakari, aliyesema mtoto wa miaka tisa hapakatwi, akasimama kutoka Nanganga mpaka Lindi ameshika bomba la juu, uso kwenye dirisha la upande wa pili. Lindi wengi walishuka, akapata kiti. Mama hakugeuka, ila tulipopita Mingoyo, kabla ya Lindi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Bado kasimama?" Nikamwambia bado. Akafungua korosho zake akaendelea kula.

Kilwa Masoko

Tulilala Masoko kwa jamaa wa Rehema. Asubuhi tulikula kwa mama ntilie karibu na gati: wali wa nazi na pweza. Mama aliinua kipande, akakisogeza kwenye jicho la kulia.

"Hiki kilikuwa na miguu mingapi?"

"Minane, bibi," Zawadi alisema.

Mama akakirudisha kwenye sahani taratibu. "Mnyama wa miguu minane, kwetu tunampisha njia." Akala wali mtupu. Bakari alikuwa nyuma ya ukuta, anakula amesimama, na mama ntilie akaninong'oneza kuuliza kama mume wangu ana kesi na polisi.

Nahodha wetu alikuwa mzee mwembamba, msemaji, mwenye boti ya faiba na injini moja. Alitueleza kwamba njia ya kuingia Songo Mnara inapita kwenye mikoko, na maji yakiwa yametoka boti inakwama. Kwa hiyo tungeteremka Kilwa Kisiwani, tutembee tuone magofu, tungoje maji yajae.

"Mtapata saa tatu, labda na kidogo," alisema. "Yakijaa nawaita. Nikiita, mje. Yakianza kutoka hatufiki leo."

Zawadi alifurahi, shuleni wamefundishwa habari za Kilwa. Mama aliniuliza mara mbili kama saa tatu zinatosha. Alikuwa amejifunga kanga mpya, na chini yake, najua kwa sababu nilimsaidia kuvaa, nguo nyeupe aliyokalia eda.

Mkondo wa bahari

Mama hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alivalishwa koti la kuokolea la rangi ya machungwa, akakaa katikati, akashika ubao kwa mikono miwili, akafumba macho. Nilimwambia, "Mama, fungua uone bahari." Alinijibu kwamba jicho limebaki na kazi moja na hataki kulichosha njiani. Bakari alikaa mbele kabisa, mgongo kwetu. Mawimbi yalimrushia maji usoni safari nzima na hakujifuta. Nilidhani anaogopa bahari, maana sisi ni watu wa bara. Sasa najua alikuwa anaogopa nini.

Maji yalikuwa yametoka, boti ikasimama mbali na mchanga. Nahodha na mimi tukamshika mama mikono, tukatembea naye kwenye maji ya magoti. Nyuma yetu Bakari alimbeba Zawadi na viatu vya watu wote.

Magofu

Tulipokewa na mwongozaji, kijana mchangamfu mwenye kofia ya manjano. Alitupitisha kwenye gereza la zamani, tukaenda msikiti mkubwa, ule wenye nguzo nyingi na kuba juu yake. Alisema kwa ufasaha sana: masultani, dhahabu kutoka kusini, sahani kutoka Uchina, Wareno. Zawadi aliandika kwenye daftari mpaka kalamu ikakwama. Mimi, niseme kweli, nilikuwa naangalia jua.

Mama alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Na mawe haya nani aliyabeba?"

"Wakati wa masultani, bibi?"

"Wakati wowote."

Kijana alifikiri. Alisema wakati ule hajui, kwenye vitabu hawakutajwa, lakini walioziba nyufa miaka ya karibuni anawajua baadhi yao, wengine walitoka bara. Mama akaomba aoneshwe palipozibwa. Kijana akatupeleka kwenye ukuta wenye chokaa nyeupe kuliko penginepo. Mama aliweka kiganja pale. Bakari, aliyekuwa amesimama mbali, alimwita Zawadi.

"Mwambie bibi, si hapo. Ni chini kidogo, mkono wa kushoto. Pale palipokandwa kwa vidole."

Zawadi akasema. Mama akateremsha mkono wake akagusa. Kwenye chokaa kulikuwa na alama za vidole vinne, zimekauka humo. Kwa nini Bakari ajue vidole vya baba viko wapi? Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mume wangu hakuja hapa siku ile kuzika tu. Alikaa na baba, akaoneshwa kazi yake.

Mwongozaji alitaka kutupiga picha kwa simu yangu. "Sogeeni. Baba, msogelee bibi, mshike bega hivi." Akamvuta Bakari mkono. Bakari aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Kijana alishangaa. Akamwinamia Zawadi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Wamegombana?"

"Hapana," Zawadi alisema, "wanaheshimiana."

Picha hiyo ninayo. Bakari haonekani, ila kivuli chake kwenye nguzo. Nilipomwambia kijana kwamba sasa tunataka kwenda makaburini, kwenye makaburi ya watu wa kawaida, alivua kofia akasema huko hatuhitaji yeye. Alimtazama Bakari. "Huyu bwana anaonekana anajua njia."

Makaburini

Makaburi ya kijiji yako nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye vichaka. Mengi yana jiwe la kichwani na jiwe la miguuni basi. Bakari alitangulia, haraka, bila kuuliza mtu. Alisimama kwenye kaburi lililozungushiwa mawe madogo ya matumbawe, yamepangwa kwa mstari na kushikwa kwa chokaa. Kazi ya fundi. Sikuhitaji kuuliza fundi gani.

Akatupa mgongo. "Zawadi, mwambie bibi, ni hapa."

Mama alipiga magoti. Alishika jiwe la kwanza, la pili, akaendelea mpaka akalizunguka kaburi lote kwa mikono, uso umeinama, jicho la kulia karibu liguse mchanga. Tukasoma Fatiha. Nilidhani tumemaliza. Jua lilikuwa limepanda na nilishasikia nahodha akipiga mluzi mara moja kutoka ufukweni.

"Zawadi," mama alisema, "muulize baba yako, nani alimwosha?"

"Baba, bibi anauliza nani alimwosha babu."

"Mwambie ni mzee wa msikiti na wafanyakazi wenzake wawili. Mimi nilimimina maji."

"Bibi, baba anasema..."

"Nimesikia. Muulize sanda ilipatikana."

"Mwambie ilipatikana. Mpya."

"Muulize nani aliingia kaburini kumpokea."

"Mwambie niliingia mimi."

Hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume, na baba hakuwa naye, ana mimi na Rehema. Mluzi ukapigwa tena, mara mbili. Nikasema, "Mama, nahodha anaita."

"Angoje. Mimi nimengoja zaidi." Halafu, taratibu, neno moja moja, "Zawadi, muulize baba yako, kwa nini hapa? Nani alisema azikwe hapa?"

Zawadi akauliza. Bakari hakujibu. Mtoto akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti.

"Mwambie bibi..." Bakari alianza. "Mwambie, babu yako alisema..."

"Alisema nini, baba?"

"Hapana. Hili si la kumbebesha mtoto."

Akageuka. Miaka kumi na mbili ya ndoa sijawahi kuona uso wa mume wangu na uso wa mama yangu zikitazamana, na nilipoziona niliona haya, nikataka kuondoka kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Nilimvuta Zawadi kwangu. Bakari alikuja akakaa chini, upande wa pili wa kaburi.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alinishika hapa, kwenye kiwiko. Akasema, nipeleke Chinongwe. Alilisema mara tatu. Nikamwambia nitakupeleka, upate nguvu kwanza. Hakupata. Alfajiri akakata roho. Mvua ilikuwa imekata barabara, na siku hiyo bahari ilichafuka, hakuna chombo kilichovuka kwenda Masoko. Tulingoja mpaka jioni. Wazee wakaniambia maiti haiongezwi siku. Nikakubali. Nilimwahidi mtu nikamwacha."

Mama aliweka kiganja juu ya mchanga wa kaburi.

"Mjomba nilimwambia yote. Akasema ukoo ukisikia marehemu aliomba kurudi na mkwe hakumrudisha, wataniachisha mke. Akasema hilo atalisema yeye kwa wakati wake, na mimi nisimwambie mke wangu, binti hana siri kwa mamaye. Wakati wake haukufika. Mimi sikuwa na mdomo wa kukuambia."

Mjomba Athumani Mungu amrehemu, lakini pale nilimkasirikia kama yuko hai. Alitaka kutunza ndoa yangu, nayo aliitunza, kwa kumwacha mama kwenye giza lililotangulia hili la macho. Na mimi nimelala ubavuni mwa mtu mwenye mzigo huo, nikamwita mkimya.

"Alikuwa na akili zake?" mama alimuuliza. Yeye mwenyewe, moja kwa moja.

"Alikuwa nazo, mama. Alikutaja kwa jina lako, ambalo mimi siwezi kulitamka."

"Kumbe alitaka kurudi," mama alisema.

Siku tuliyoletewa habari ya msiba, mama hakulia. Alikaa eda yake yote macho makavu, na wapo waliosema ana roho ngumu. Hakuwa na roho ngumu. Mwanamke aliyeachwa haombolezi kama mjane, na hakujua yeye ni yupi. Sasa alifungua kanga ya juu akabaki na ile nyeupe, akakaa kwenye mchanga, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake wetu msibani, na akalia. Alilia kwa Kimwera, kwa sauti kubwa, akimwita baba kwa majina ya ujana wao ambayo sikuwahi kuyasikia. Bakari alifunika uso akalia naye. Hakuna aliyemkumbusha mwenzake adabu.

Wanawake wa nyumba za jirani walisikia. Walitoka mmoja mmoja, wengine mikono ina unga, wakajitanda kanga vichwani, wakaja. Hawakujua Kimwera, hawakutujua sisi. Walikaa chini kutuzunguka. Nahodha naye alikuja mbio, kakunja uso, mdomo uko wazi kutugombeza kwamba maji yamejaa na yameanza kutoka. Alituona, akafunga mdomo. Akaenda kukaa karibu na Bakari, akamshika bega.

Mama mmoja wa makamo alijisogeza mpaka sikioni mwangu. "Pole sana, dada," alisema. "Amefariki lini?"

Nilimtazama mama yangu.

"Leo," nikamjibu.

Hakuniuliza tena. Alinyoosha miguu yake karibu na yangu, akaanza kulia nasi.